Mama, Ikala Kwanza: Pumzi, Presha na Mimba Kusini mwa Maniema

Siku ya kupima mimba huanzia njiani. Anayekaa mbali huondoka nyumbani kabla ya jua, kadi imefungwa kwenye ncha ya kitenge, mtoto mgongoni kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mwenye bahati hupakiwa nyuma ya baiskeli au pikipiki. Huku kusini mwa Maniema, kwenye zoni ya afya ya Lusangi na jirani zake Kasongo na Kabambare, njia ni za udongo. Masika zinateleza, kiangazi zinatimua vumbi, na madaraja ya miti huvukwa kwa dua. Mama akifika kituoni, benchi limejaa. Anajibana pembeni, anaulizwa habari za nyumbani, anacheka, anambembeleza mtoto. Jina linaitwa. Anaingia bado anahema, anaketi, mkono unavutwa, mkanda unafungwa, na kabla hajajibu mimba ni ya mwezi wa ngapi, kipimo kimeshatoka: 15 juu ya 10.

Kongo husoma presha hivyo, kwa mtindo wa Wabelgiji. Mtanzania au Mkenya angeandika 150 kwa 100. Kwa vyovyote mpaka umevukwa, maana kwa mjamzito hatari huanza kuhesabiwa kwenye 140 kwa 90. Lakini kilichopimwa hapo ni nini hasa? Mimba, safari, au soga za benchini?

Kipimo cha kuaminika kinadai mambo yasiyogharimu hata faranga moja. Mama akae dakika 5 bila kusema, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, miguu haijapishana. Mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa gauni. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkono unaoning'inia hupandisha namba. Kuongea nako hupandisha. Muuguzi mwenye foleni inayofika uwanjani anayajua yote haya, aliyasomea. Ila dakika 5 kwa kila mmoja wa wale walioko nje ni siku nzima, naye bado ana watoto wa kuchanja.

Hapo ndipo mazoezi ya kupumua, yanayosifiwa sana siku hizi katika sauti zinazorushwa kwenye simu, yanapopata kazi yao halisi. Sauti hizo huahidi makubwa: pumua hivi na presha ya mimba itaisha, dawa utaziweka kando. Mimi nasema kazi yake ni ndogo, lakini ni kazi ya kweli, na mahali pake pa kwanza ni pale benchini kabla mkanda haujafungwa. Akina mama 10 wanaweza kukaa kimya pamoja kwa dakika 5 zilezile, kisha wakaingia mmojammoja bila kuzungumzishwa mlangoni. Muuguzi hapotezi muda wowote. Anachohitaji ni kusimama na kusema kwa Kiswahili cha huku: "Bamama, muikale kwanza, muegemee ukuta. Musiseme kitu. Mupumue polepole."

Zoezi lenyewe halina siri. Mama anaketi ameegemea, au analala kwa ubavu wa kushoto. Mimba ikishapita nusu asilale chali, kwa sababu tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na badala ya kutulia ataona kizunguzungu. Anaweka kiganja pale mbavu zinapokutana, juu ya tumbo. Anavuta hewa kwa pua huku akihesabu polepole mpaka nne, anahisi kiganja kikisukumwa, kisha anaitoa akihesabu mpaka sita, midomo imebanwa kidogo. Hazuii pumzi katikati, wala hasukumi tumbo. Kila mzunguko unachukua kama sekunde 10, kwa hiyo pumzi zinakuwa 6 hivi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta 12 hadi 20. Midomo ikianza kuchonyota au vidole kufa ganzi, anavuta hewa nyingi mno. Aache, apumue kama kawaida, na baadaye aanze tena kwa upole zaidi. Wengi hukosea hapo. Wanaambiwa polepole, wao wanafanya kwa nguvu.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kwenye mishipa ya shingo, mna vihisio vinavyopima jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Vikiona msukumo umezidi, ubongo hupata habari, moyo huamriwa kupunguza mwendo na mishipa midogo kulegea. Mtu akipumua kama mara 6 kwa dakika, vihisio hivyo huwa vyepesi zaidi kuitikia. Jambo hili limepimwa maabara, tena kwa njia ambayo watu wa Kasongo wangeipenda.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa watu 23 wenye afya njema. Waliwasalisha rozari kwa Kilatini, kisha wakawatamkisha mantra ya yoga, huku wakifuatilia moyo na pumzi. Njia zote mbili ziliwafikisha watu hao kwenye pumzi kama 6 kwa dakika, na vile vihisio vya mishipa vikachangamka. Rozari husaliwa kwa kupokezana, kiongozi nusu na waitikiaji nusu. Ukitamka sehemu yako kwa pumzi moja ya kutoka na kuvuta hewa wakati wa sehemu ya mwenzako, mzunguko unakaribia sekunde 10 bila saa. Watafiti walithubutu hata kudokeza kwamba rozari huenda iliingia Ulaya na watu wa vita vya msalaba walioiona kwa Waarabu, nao Waarabu wakiwa wameipokea kutoka Tibet na India.

Kasongo ni mji ambao hadithi kama hiyo haihitaji kufafanuliwa sana. Ulikuwa makao ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, na misafara iliyovuka Tanganyika kutoka Ujiji ilipita Kabambare kuja huku; pamoja na mateso ya biashara ya watumwa ikaacha Kiswahili na Uislamu. Jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji likauteka mji mwaka 1893, na wamisionari wakafuata. Leo kuna askofu wa Kikatoliki wa Kasongo, na Kasongo hiyohiyo ni moja ya ngome za Uislamu nchini Kongo. Kwenye benchi moja la kliniki utakuta rozari shingoni na tasbihi mkononi. Mwenye tasbihi avute hewa kimya, kisha atamke neno lake moja lote akitoa pumzi, punje moja kwa pumzi moja. Ila nisieleweke vibaya na Waislamu wa tarika: zikiri ya kusimama, ile ya pumzi za haraka za kifuani, si zoezi la mjamzito mwenye presha. Ninayosema mimi ni ile ya kuketi peke yako baada ya swala.

Sasa tuje kwenye kiasi. Kuna kifaa kinachomwongoza mtu kupumua taratibu kwa sauti, kimeuzwa Marekani kwa miaka mingi kwa wagonjwa wa presha. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford walikusanya majaribio yake yote waliyoyapata. Presha ya juu ilikuwa imeshuka kwa chini ya milimita 4 za zebaki, ya chini kwa milimita 2 na nusu hivi. Walipoyaondoa majaribio yenye mkono wa mtengenezaji, hata hizo milimita hazikuonekana. Nao walioshiriki hawakuwa wajawazito. Majaribio ya pumzi kwa wajawazito wenye presha ni machache na madogo. Mama mwenye 150 akishushiwa milimita 4 anabaki na 146. Ametulia zaidi, pengine atalala vizuri, na hilo si dogo kwa mtu anayeogopa. Lakini bado yuko upande uleule wa mpaka.

Sababu iko kwenye kondo la nyuma. Katika mimba iliyo salama, mishipa ya mji wa mimba inayolisha kondo hutanuka mapema na kuwa mipana, damu ipite kwa wingi na kwa utulivu. Kwa baadhi ya wanawake mishipa hiyo hubaki myembamba. Kondo linalokosa damu humwaga kwenye mwili wa mama kemikali zinazoharibu utando wa ndani wa mishipa yake yote: figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ini linavimba, ubongo unapata maji, presha inapanda. Kumwambia mama huyo apumue ugonjwa uondoke ni kupepea moshi huku moto unaendelea kuwaka. Tiba ya mwisho ni mtoto na kondo kutoka, na kazi yote ya matabibu kabla ya hapo ni kumfikisha mama salama kwenye saa hiyo.

Ndiyo maana nina ugomvi na neno moja linalotolewa bure kila kona: "Usifikiri sana, presha ni mawazo." Mama anaambiwa alijiletea mwenyewe kwa kugombana na mke mwenzie au kwa kuhesabu madeni. Kabambare watu wamekimbia vijiji vyao kwa sababu ya makundi yenye silaha. Wa kumwambia mwanamke wa huko asifikiri anatoka wapi? Hofu inapandisha kipimo cha siku, hilo kweli. Kifafa cha mimba hakiletwi na hofu, na kumlaumu mama ni kumfunga mdomo asiseme kichwa kinamuuma. Vilevile chumvi. Nyumba nyingi humpikia mjamzito sombe isiyo na chumvi akaishia kutokula, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO), tangu mapendekezo yake ya mwaka 2011, halishauri kubana chumvi wala kumlaza mama kitandani kutwa ili kuzuia ugonjwa huu. Linachoshauri ni aspirini ya kipimo kidogo kwa walio katika hatari kubwa, wakianza kabla ya wiki ya 20, na kalsiamu mahali ambapo chakula hakina ya kutosha. Aspirini si habari ya mbali: Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi 6, pamoja na Kenya na Zambia, zilizoshiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2020 kwa wanawake wa mimba ya kwanza, karibu 12,000. Waliopewa miligramu 81 kila siku walizaa njiti wachache zaidi kwa kiasi cha asilimia 11. Hata hivyo dawa hiyo hupewa na mhudumu. Hainunuliwi kwenye meza ya sokoni.

Nani basi apimwe kwa makini zaidi? Swali hili lina jibu lililotoka Kasongo penyewe, na nashangaa kwamba wenyeji wengi hawalijui. Miaka ya 1970 mji huu ulikuwa na Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa na matabibu wa hapa na wa Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Mpango wake wa vituo vidogo vinavyotegemea hospitali moja ya rufaa ulikuwa mmoja wa mifano iliyozaa zoni za afya za nchi nzima. Miaka ya 1980 timu hiyo ilichapisha hesabu ya uzazi uliokwama. Walikuwa wamewagawa wajawazito kwa alama za hatari, kisha wakangoja kuona nani atakwama kweli. Asilimia 71 ya waliokwama hawakuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari. Na kati ya waliowekwa kwenye kundi hilo, asilimia 90 walijifungua bila kukwama.

Matokeo hayo yalizunguka dunia. Yakawa hoja ya wale waliosema kila mimba ichukuliwe kuwa inaweza kugeuka, na huduma ya dharura iwe karibu na wote. Yalihusu nyonga, si presha, lakini somo linavaa vizuri huku pia. Presha ya mimba humshika msichana wa mimba ya kwanza, humshika mwenye mapacha, humshika mwenye kisukari. Humshika pia mama wa watoto watano ambaye hajawahi kuumwa na kitu. Kwa miezi mingi haiumi popote. Mkanda na kijiti cha mkojo, kila ziara, kwa kila mama: hakuna njia ya mkato. Tangu mwaka 2016 WHO inapendekeza ziara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12, halafu zinakaribiana mwishoni, wakati ambao ugonjwa huu hujitokeza zaidi na ambao ndio mgumu kwa kutembea.

Mashine ya kupima presha pia inaleta mambo. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo umeme wa uhakika. Moja, iliyobuniwa na watu wa King's College London, huchajiwa kwa chaja ya simu na huwasha taa ya kijani, njano au nyekundu ili hata asiyesoma namba ajue la kufanya. Ilijaribiwa mwaka 2016 na 2017 katika vituo vya nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Wahudumu waliipenda. Lakini ukijumlisha vifo, kifafa na kutolewa mji wa mimba kwa dharura, upungufu haukuwa mkubwa kiasi cha kusema kwa uhakika kwamba ni kazi ya kifaa. Taa nyekundu inamfaa mama ikiwa nyuma yake kuna dawa, mtu wa kuichoma na usafiri.

Dawa yenyewe ni ya bei ndogo na ya siku nyingi: salfeti ya magnesiamu. Mwaka 2002 jaribio la Magpie, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Katika kituo kidogo mama mwenye dalili kali huchomwa gramu 10 kwa mara moja, sindano mbili ndefu, gramu 5 kila tako, zikichanganywa na dawa ya ganzi kwa sababu zinachoma mno; yakiwepo mazingira, gramu 4 nyingine hupitishwa polepole mshipani. Kisha ndipo asafirishwe, akiwa amelala kwa ubavu. Presha ikiwa 160 kwa 110 au zaidi, hupewa pia dawa ya kuishusha, kama nifedipini au methildopa. Si kila kidonge cha presha alichoachiwa na shangazi kinafaa: baadhi, kama enalapili na kaptopili, huharibu figo za mtoto tumboni.

Na hapa pumzi inarudi kwa sura nyingine kabisa. Mama akishapewa magnesiamu, anayehesabu pumzi ni muuguzi. Anakaa kando ya kitanda, saa mkononi, anatazama kifua dakika nzima. Kabla ya kila dozi nyingine lazima zipatikane pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo uwe unatoka. Zikipungua, dozi inasimama, na chupa ya kalsiamu glukonati iko tayari. Pumzi 6 kwa dakika, zile alizokuwa akizitafuta benchini, hapa maana yake dawa imezidi na mama anakufa. Kwa hiyo aliye kwenye magnesiamu asifundishwe zoezi lolote. Vivyo hivyo anayekosa hewa akilala na kulazimika kuketi apate kupumua: huenda mapafu yake yanajaa maji, na huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Nisemalo sasa litawaudhi baadhi ya wakubwa. Zoezi la bure linapendwa pia kwa sababu ni bure. Kituo kisicho na betri za mashine, kisicho na vijiti vya mkojo, ambacho magnesiamu yake iliisha mwezi uliopita, bado kinaweza kuandaa semina ya kupumua, kikapiga picha na kuandika ripoti. WHO katika uchambuzi uliotolewa mwaka 2025 ilihesabu kwamba presha ya mimba na matatizo yanayotokana nayo huchukua asilimia 16 ya vifo vya uzazi duniani, ya pili baada ya kutokwa damu miongoni mwa sababu za moja kwa moja. Semina haitagusa namba hiyo. Anayefundisha kupumua aulizwe papo hapo, mbele ya akina mama: chupa za magnesiamu ziko ngapi kabatini?

Dalili ambazo mama na walio naye nyumbani hawapaswi kuzingoja ni kichwa kinachogonga kisichosikia paracetamol, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, kutapika upya mimba ikiwa kubwa, uso na vidole kuvimba ghafla. Anayeanza kutetemeka na kukakamaa alazwe ubavuni, asiwekwe kijiko mdomoni, na asipelekwe kwingine kwanza kufukizwa. Pepo kama wapo watamkuta hospitali.

Kilichobaki hutokea mtoto akishazaliwa, wakati kila mtu ameshusha pumzi. Ugonjwa huu hauishi siku ya kujifungua. Kifafa kinaweza kuja siku kadhaa baadaye, hata kwa mwanamke ambaye kadi yake haikuwahi kuandikwa presha. WHO inataka mama aonwe kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Vijijini mama huwa yuko ndani, nyumba imejaa wageni, na kichwa kikimuuma wanasema ni uchovu au maziwa yanashuka. Kikiuma hivyo siku ya nne, arudi apimwe hata kama ni usiku. Anayemsindikiza aseme mlangoni, kabla ya jambo jingine lolote, kwamba mgonjwa amejifungua wiki hii, kwa sababu muuguzi asiyejua hilo atamtibu malaria.